Siku Telefone Yangu Ilikatala Kutoa Foto za Kanisa ya Kalunguta

Mukinikuta sokoni muniulize mambo ya foto za Kalunguta, nitajifanya sisikii, juu mpaka leo nikifikiria ile siku masikio inaniwaka. Lakini hapa tuko sisi kwa sisi, acha niseme yote, na muncheke sasa mumalize.

Kule Kalunguta, kwetu kwa upande wa mama yangu, upepo ulibeba mabati ya kanisa, kukabakia kipande kadogo tu pembeni, pale kwaya inaikalaka. Bakristo ya kule ni balimaji, mihogo bako nayo, maharagi bako nayo, lakini mabati hapana. Basi bakaomba bamama ya kanisa yetu ya Beni babasaidie, na bamama bakajibu kama bataamua siku ya Mungu kiisha ibada, lakini kwanza banataka kuona ile hasara na macho yao. Mimi nilitoka Beni, sasa naishi Butembo, nauzisha bitenge, niko na telefone yenye kupiga foto muzuri, ndiyo maana bakanichagua (na niseme kweli, nilifurahi sana, nikajiona kama mujumbe mukubwa). Nikapita Kalunguta, nikapiga foto kila upande, nikapanda pikipiki mpaka Beni.

Siku ya posho mangaribi, kesho yake siku ya Mungu, Papa Kasereka, ndiye anachungaka ordinateur (kompyuta) na projecteur ya kanisa, ile yenye kuangaza picha kwa ukuta, akaniuliza kama tujaribu kwanza kuingiza foto ndani ya ordinateur, kusudi kesho tusipate shida. Hapo ndipo nilijiharibia. Nikamwambia hapana, Papa Kasereka, hiyo ni kitu ya dakika, naifanyaka kila mara. Kumbe nilikuwa nimeiona mara moja tu, kwa mutu wa studio kule Butembo, na hata ile mara nilikuwa naangalia biatu byake.

Kesho yake kanisa ilijaa. Bamama balikaa mbele, na katikati yao Mama Présidente, mukubwa wao, mama mwenye akisema ndiyo, kitu inafanyika, na akinyamaza, imekufa. Groupe ya kutoa umeme ilikuwa inanguruma inje, projecteur ikiangaza ukuta, na mimi nimevaa kanzu nyeupe ya sikukuu, nikachomeka câble ya telefone kwa ordinateur mbele ya macho ya batu yote. Telefone ikalia kidogo, ikaanza kukula courant. Ordinateur kimya. Nikachomoa, nikachomeka tena. Kimya.

Nikasema câble iko na ugonjwa. Papa Kasereka akaleta ingine, ni vile vile. Sasa, mutu wa akili angeomba musaada, lakini mimi nilikamata micro na kuomba kila mwenye câble atusaidie, na bamama bakafungua basakoshi, vijana bakatoa kwa mifuko, meza ya mbele ikajaa banyaya nyeupe na nyeusi kama mutu amemwanga tambi. Nikajaribu zote. Zingine hazikuingia hata kwa tundu. Kwaya ikaimba kusudi batu basichoke, ikamaliza, ikaanza ingine. Nikasema basi ni ordinateur, iko na virus, tuizime tuiwashe, na Papa Kasereka, mutu ya upole, akaizima, akaiwasha, na tukangojea, na jasho ya Beni si ya Butembo, ilikuwa inanishuka mpaka kwa visigino. Pasta akaanza kuangalia saa. Mama moja wa nyuma akainuka kwenda kupika, na nikaona mabati ya Kalunguta inatoka naye kwa mulango.

Nikakamata telefone niizime pia. Kwa kuizima ilifaa nifungue kwanza, juu tangu asubui ilikuwa imefungwa na code yake, nimeilalisha uso chini. Nikaifungua, nikavuta kidole toka juu ya kioo, na pale, katikati ya matangazo, kulikuwa maneno kadogo: "Charge seulement," maana yake kukula umeme tu. Nikagusa. Ikaniuliza nataka nini, na chini yake ikaandika "Transfert de fichiers," maana yake kupitisha foto na video. Ndio kusema ile wakati yote telefone ilikuwa inangoja tu niiambie ifungue mulango! Nikagusa hapo, ordinateur ikalia tiling, ukuta ukajaa foto zangu kadogo-kadogo, na mimi nikanyoosha mikono juu kama mutu amefunga goli. Batu bakapiga makofi, kwaya ikarudilia wimbo, hata Pasta alicheka, na mimi kwa ile furaha, bila kuangalia, nikafungua ile ya kwanza kabisa.

Haikukuwa foto. Ilikuwa video.

Lazima niwaeleze yenye ilikuwa mule. Nilipomaliza kupiga foto Kalunguta, bamama ya kule baliniuliza huyu Mama Présidente wa Beni ni mutu wa namna gani, na badala ya kujibu na mudomo, nilifunga kitambaa kikubwa kwa kichwa, nikajaza kitenge kwa makalio, nikasimama pale mbele, ndani ya kanisa, nikamuiga. Muke wa katekista ndiye alishika telefone yangu.

Sasa niko kwa ukuta wa Beni, mukubwa kama nyumba, naweka miwani yenye haiko, nakohoa, na sauti inatoka kwa baffle mbili: "Bamama, mimi siko mutu wa maneno mingi, donc nitasema maneno mbili tu. Ya kwanza iko na bipande saba."

Nikafinya souris, ile panya ya ordinateur, haikusikia. Nikafinya tena. Akili ya kuchomoa câble haikunijia, yenye ilinijia ni kusimama mbele ya projecteur nizibe na mwili, na juu ya ile kanzu yangu nyeupe, picha yote ikaanguka kwangu, nikawa mimi mwenyewe ndiyo ukuta, Mama Présidente wa uongo anatembea kwa tumbo yangu.

Yule wa kweli akasema polepole, "Katungu, toka hapo. Acha nimalize kujisikiliza."

Nikatoka. Nikaikaa chini kwa saruji.

Video ikaendelea. Nilikuwa ningali kwa kipande ya tatu wakati mvua iliniangukia, mvua ile ya kwetu yenye haibishake hodi, na kwa ukuta tukaona bamama ya Kalunguta banakimbilia ile pembe ya mabati kadogo, banabanana, mama muzee anaficha Biblia chini ya kitenge, maji inatiririka kati ya biti, na muke wa katekista, telefone ikiwa mukononi, anasikika anasema bila kulia, bila kucheka, "Usiogope, Katungu, tumezoea. Siku ya Mungu tunasalia tu hivi."

Kisha ikaisha.

Mama Présidente akasimama. Nilikuwa najua natupwa inje, na Kalunguta yote pamoja nami. Aliangalia bamama benzake, akasema, "Huyu wa kwa video ni mimi, na mumeona nimenyeshewa ndani ya nyumba ya Mungu. Mabati iende juma hii."

Bamama bakajibu ndiyo kwa sauti moja, vigelegele ikapasuka, na mimi pale chini sikujua nilie ao nicheke, nikafanya yote mbili. Zile foto zenye nilipiga kwa uangalifu, hakuna hata moja yenye ilionekana.

Kanisa ya Kalunguta sasa iko na mabati mupya. Lakini mimi, kurudi Butembo, nilikaa nyuma ya pikipiki na kitambaa kwa uso nikisema ni juu ya vumbi. Tangu ile siku, mutu akiniomba foto, naijaribu nyumbani, peke yangu, mulango umefungwa, na nimejiapia: mbele ya kuchomeka câble, nifungue telefone, nifunge mudomo.