Fataki za Upande wa Magharibi

Reli yetu ni ile ya mita moja aliyoilaza Mjerumani, na sheria yake moja haikuguswa na Mwingereza wala na sisi wenyewe: njia ikikatika, mtu mmoja anakimbilia mashariki, mwingine magharibi. Kila mmoja anafunga fataki juu ya reli, vile vibati vya baruti vinavyolipuka gurudumu likivikanyaga, dereva akajua mbele kuna hatari. Watu wawili. Hata watoto wa kambi yetu ya wafanyakazi wa reli walilijua hilo.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Genge la mume wangu, kikosi cha kutunza reli, likapunguzwa, likapunguzwa tena, hadi akabaki peke yake na nyumba tupu zimetuzunguka. Mvua ikinyesha, chakula kilikuwa hakinipiti. Wakubwa wa reli Dodoma mjini walikuwa na mipango yao. Mimi nilikuwa na korongo mbele ya nyumba, na reli ikipita juu yake.

Alasiri moja alirudi mbio, kalowa chapachapa.

"Mama watoto, kalavati ya korongoni imekwenda na maji!"

Akachota fataki kwenye kopo, akashika bendera.

"Na upande wetu huu wa magharibi, baba?"

"Treni ya abiria inatoka mashariki, Dodoma. Nikishaizuia hiyo, narudi."

Alivuka juu ya reli zilizobaki zikining'inia, maji mekundu yakipita chini ya miguu yake. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, mvua ilikuwa imeshamficha ng'ambo.

Ndipo nikasikia honi. Haikutoka Dodoma. Ilitoka nyuma yangu, magharibi. Kumbe treni ya abiria ilikuwa imechelewa, wakaitanguliza ya mizigo itokayo magharibi, na nani angemwambia mume wangu?

Vile vibati niliviona kila siku, lakini sikuwahi kuvigusa. Mwenyewe alituonya kwamba vinaondoka na vidole vya mtu. Nikabeba kopo, nikakimbia kuifuata ile honi, nikapiga magoti kwenye kokoto. Kibati cha kwanza kilinidondoka, nikapiga yowe nikidhani nimekufa. Nikakiokota, nikakifunga. Nikafunga cha pili. Reli ilikuwa imeanza kutetemeka nilipojitupa kwenye miiba.

Vikalipuka. Breki zililia mpaka nikaziba masikio, na injini ikasimama korongo likiwa linaonekana.

Dereva aliteremka.

"Mama, genge liko wapi?"

"Genge ni mume wangu. Yuko ng'ambo."

Akaketi juu ya reli, akashika kichwa.

Baada ya siku chache mkubwa mmoja alikuja kwa toroli la relini. Alitushika mikono, akatusifu sana. Mume wangu akavua kofia.

"Mzee, tunaomba mtu wa pili."

Mkubwa akanitazama, akacheka.

"Si unaye huyu?"

Mtu wa pili hakuja. Tangu hapo wingu likitanda, mume wangu alichukua nusu ya fataki, nusu akaniachia. Nilikaa mlangoni na kopo mapajani, nikimwomba Mungu nisisikie honi.