Povu la Sabuni Mdomoni mwa Msukule

Nakumbuka Jumamosi moja pale kijijini kwetu Daudi, na kila nikiikumbuka najikasirikia upya, kwa hiyo nivumilie, mwanangu, nikipandisha sauti. Umenijia na simu yako, umenionyesha wenzako wamejipaka unga usoni, wanayumba kama walevi, eti mazombi, eti mtafundisha watu kujikinga na magonjwa. Nimecheka, sikatai. Halafu nimekuuliza mgonjwa anapelekwa wapi, ukanijibu, "Mzee, hiyo sehemu inaboa, tumeikata." Jamani! Hebu kaa chini.

Wakati huo Manyara haijawa mkoa, sisi wa Mbulu bado tuko Arusha. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, mitumba imejaa kila gulio, na kule Dongobesh mfanyabiashara mmoja alileta televisheni na jenereta, akawa anaonyesha mikanda ya maiti wanaofufuka na kung'ata watu. Sisi tuliwaita misukule. Nilikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, nimetoka mafunzoni juzi tu, najiona daktari kamili. Kichaa cha mbwa kilikuwa kinatusumbua, lakini nikiitisha mkutano wanakuja akina mama watatu, nao wanasuka ukili. Nikasema, sawa, hamtaki somo, nitawaletea msukule.

Tukatunga igizo. Mbwa anamng'ata mtu, mtu anageuka msukule, anang'ata wengine. Msukule nilikuwa mimi mwenyewe. Mwisho kulikuwa na sehemu ya kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha safari ya hospitali kuchomwa sindano. Jumamosi hiyo uwanja wa shule ulijaa, na nilipotokeza na povu la sabuni mdomoni watu walipiga mayowe, wakakimbia, wakarudi kucheka. Nikaona tukianza habari za kuosha jeraha watapoa. Nikawaambia wenzangu tuishie hapo hapo, na tukapigiwa makofi mpaka mikono ya watu ikachoka.

Alhamisi akanijia Bibi Tekla, nesi mstaafu, mama mkali ambaye hata mwenyekiti wa kijiji alimwamkia akiwa amevua kofia. Shikamoo yangu hakuiitikia. Akasema, "Twende kwa Tluway ukaone kazi yako."

Unajua desturi ya wazee wetu ya kutenga nyumba iliyopatwa na jambo baya: hakuna kuingia, hakuna kutoka, hata ng'ombe hunyweshwa peke yao. Basi majirani walikuwa wameitenga nyumba ya Tluway. Binti yake Maria, mtoto wa miaka tisa, aling'atwa mguuni na mbwa Jumatatu. Siku tatu nzima yuko ndani ya chumba, na mama yake anamsukumia sahani ya ugali kwa fimbo. Kwa fimbo, mwanangu! Mama mzazi!

Tluway alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu. Nikamwambia mtoto apelekwe hospitali haraka, kabla ugonjwa haujaanza, kwa maana ukishaanza hakuna wa kumwokoa. Akanitazama kama mtu anayetazama mwendawazimu.

"Si wewe uliyetuonyesha? Aliyeng'atwa anageuka, hana dawa. Nimpakie kwenye gari awang'ate watu?" Akalia, mtu mzima yule, mbele ya majirani.

Bibi Tekla akanigeukia. "Sabuni ulikuwa nayo mkononi siku ile, ukaitia mdomoni upigiwe makofi. Sasa waambie ukweli, na useme kwa sauti."

Nikasema. Nilisema mbele ya watu wote kwamba niliikata sehemu ya dawa kwa sababu nilitaka sifa. Kisha nikaingia, nikakaa na yule mtoto sakafuni, nikamwosha jeraha kwa sabuni. Akaniuliza kama ameanza kugeuka. Nikaendelea kumwagia maji. Mchana ule ule lori la maharage likatubeba mpaka Mbulu mjini, akachomwa sindano ya kwanza, na nyingine zikafuata.

Maria alipona, ana watoto sasa. Tukikutana gulioni ananiamkia kwa adabu zote, lakini mama yake hakumwekea tena sahani ya chakula bila kulia, mpaka mama huyo alipofariki. Hilo nalo nalibeba mimi.

Kwa hiyo usiniambie inaboa! Sikukatazi mazombi wako, mwanangu. Wanaita watu, na mimi nayajua makofi kuliko wewe. Ila ukimtisha mtu, mwonyeshe papo hapo afanye nini kwa mikono yake, na aende wapi. Aliyeng'atwa umwonyeshe akipona. Na kabla hujairusha hiyo filamu, mtafute baba mmoja wa kijijini, Gitting au Basotu, asiye na habari na mambo yenu, mwonyeshe, kisha muulize, "Mwanao aking'atwa kesho utafanya nini?" Akijibu atamfungia ndani, rudi ukaitengeneze upya, hata kama ni mara kumi. Usininunie.

Haya, nenda. Mungu akupe akili iliyochelewa kunifikia mimi, aikuze kazi yako, na mtoto yeyote atakayeng'atwa baada ya filamu yako, baba yake amchukue mikononi akimbie naye hospitali siku hiyo hiyo.