Tulipokwenda Majimoto Kuliona Kaburi la Baba

Tulikuwa tumerudi kutoka misa ya Jumapili, mimi na mama, pale nyumbani kwetu Shanwe, mjini Mpanda. Nilikuwa nageuza ugali. Mama akakaa kwenye kigoda bila kubadili nguo za kanisani, akasema, "Anastazia, nataka nikaone alipolazwa baba yako."

Niliacha mwiko ndani ya sufuria nikamgeukia. Jambo hilo nyumbani kwetu lilikuwa haliguswi. Baba aliondoka nikiwa bado shule ya msingi, akaenda Majimoto kulima mpunga kwa msimu mmoja. Mpunga ukavunwa, wenzake wakarudi, yeye akabaki. Baadaye tukasikia anaishi na mwanamke wa Kisukuma aitwaye Milembe. Mwaka jana tukapigiwa simu kwamba amefariki. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, kisha akaendelea kuchambua maharage. Hakwenda kuzika, na mimi kwa kumwonea huruma sikwenda.

"Mbona sasa, mama?"

"Kila nikisali naona kama naongea na Mungu huku nimempa mgongo," akajibu. "Nimechoka kusali hivyo."

Asubuhi iliyofuata tulikuwa stendi ya Mpanda. Mama alibeba mfuko wa karanga alizokaanga mwenyewe alfajiri. Nilipomuuliza ni za nani, akasema tunakwenda nyumba yenye msiba. Nilikasirika kimyakimya. Kwa hesabu zangu, wenye msiba tulikuwa sisi.

Kwenye kituo cha Sitalike basi lilisimama kidogo. Chini ya daraja viboko walikuwa wamelaliana kwenye tope, maana kiangazi kilikuwa kimeupunguza mto. Mama aliwatazama kwa makini, kama mtu aliyekosa pa kuyapeleka macho. Tulipoingia ndani ya hifadhi ya wanyama tukafunga madirisha, lakini mbung'o wakaingia hivyohivyo. Akawa anawafukuza kwa ncha ya khanga, mara kwake, mara kwangu, kama alivyonifanyia nilipokuwa mdogo.

"Tukifika, usimtukane," aliniambia.

"Na wewe je?"

"Mimi sijui," akasema. "Namwomba Mungu anishike mdomo."

Baada ya Kibaoni ardhi ilifunguka. Majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa yalitandaa pande zote mbili, ng'ombe wakila mabua, na joto likazidi. Tukateremka Majimoto. Bodaboda wa kwanza tuliyemuuliza alipafahamu kwa Milembe, akamwita mwenzake, wakatubeba hadi uani kwake.

Miaka yote nilikuwa nimemchora kichwani mwanamke mrefu, mzuri, mwenye kiburi. Aliyetoka ndani alikuwa mama mfupi, kitambaa cha kichwani kimepauka, miguu imepasuka kwa matope ya mashamba. Alijua sisi ni nani kabla hatujasema, kwa sababu mimi nina sura ya baba. Akapiga magoti pale pale mavumbini.

"Shikamoo dada."

Mama aliukumbatia mfuko wake kifuani. Nilisikia kuku wakichakura.

"Marahaba," akasema hatimaye, akamkabidhi zile karanga.

Milembe alituwekea maji ya kuoga, akatupa wali na maziwa mgando. Tulikula. Jua lilipopungua makali akatuongoza nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa limefagiliwa, na msalaba wake wa mbao umepakwa rangi nyeupe. Mama akakaa chini, akaunyoosha mguu wake unaomsumbua, akaweka kiganja juu ya udongo.

"Alikuwa na furaha huku?" akauliza.

Milembe naye akakaa. "Miaka ya kwanza alikuwa anacheka sana. Baadaye ikawa jioni anakwenda kukaa barabarani, anaangalia mabasi ya Mpanda. Namuuliza, unataka kurudi? Anasema hapana. Sasa unataka nini? Anasema, kuna kitu nakitaka, hata sijui jina lake. Jumapili alikuwa anakwenda kanisani, ila haingii. Anasimama nje dirishani, anaimba nyimbo zote."

"Hata nyumbani alikuwa hivyo," mama akasema taratibu. "Kabla yako. Anaweza kukaa na sisi wote akawa hayupo. Nikadhani ni mimi nisiyemtosha."

"Hata mimi nilidhani hivyohivyo, dada."

Kisha Milembe akainamisha kichwa. "Nilimchukua nikijua ana mke na mtoto. Sikudanganywa. Naomba unisamehe."

Nilimtazama mama.

"Mimi nilikuombea ufe," akasema. "Mbele ya altare, magoti yangu chini, nikamtajia Mungu jina lako."

Milembe akanyanyua uso. "Na mimi nilikuombea ufe wewe, ili aache kuangalia ile barabara."

Mara nikaona mabega ya mama yanatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. "Mungu katunyima wote wawili!" akasema, na hapo machozi yakamtoka kweli. Milembe akasogea karibu yake. Walishikana, wakamlilia baba pamoja kwa sauti, kilio ambacho mama alikuwa amekibana tangu tulipopigiwa simu. Nami nikalia. Alikuwa baba yangu, na nilikuwa nimesahau kwamba nampenda.

Jioni wakasali wao wawili, mama akitangulia na Milembe akifuatia. Usiku ule walilala kitanda kimoja.

Kesho yake, njia nzima ya kurudi, mama alisinzia begani kwangu, nami nikawa nafikiri. Tangu mafundisho ya komunyo nilijua kwamba dhambi ni kuvunja amri, na kweli baba alizivunja. Mama hakulipunguza kosa lake hata kidogo. Lakini pale kaburini niliona kiu iliyotangulia kosa. Naamini Mungu mwenyewe ndiye aliyemwekea kiu ile, ili amtafute Yeye. Baba aliipeleka kwa mke, akaipeleka kwa mwanamke mwingine, akawaumiza wote wawili, na mlango wa kanisa ulikuwa wazi hatua chache kutoka pale dirishani. Nikamwombea, kwa mara ya kwanza, bila hasira.

Tulipofika Shanwe, jirani yetu Mama Zakaria alikuwa anaanika mihogo. "Jamani, nyie mlikuwa wapi? Kwenye sala za jumuiya tumewakosa."

"Majimoto," mama akamjibu. "Tulikwenda kumlilia mume wetu."

"Mume wenu? Wewe na nani?"

"Mimi na mdogo wangu, Milembe," mama akasema, akafungua mlango tukaingia ndani.