Mistari ya Kahawia

Bénédicte alizaliwa Fizi, akakulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akasomea utabibu wa meno. Kwa miaka mitatu, kliniki moja ya binafsi mjini Mbarara ilimpa kazi ya kusafisha meno tu. Kutengeneza meno ya mbele kulikuwa kazi ya Daktari Kabera, mwenye kliniki. Jumanne moja daktari alimwachia mgonjwa.

"Leo wewe fanya. Ukiharibu, unarudi kusafisha."

Mgonjwa alikuwa Mukarukundo, mama muuza maharage kutoka Nakivale. Alianguka kwenye pikipiki, jino la mbele likakatika, na mtu fulani akalijaza kwa kitu cheupe kama chaki. Tangu hapo aliongea kiganja kikiwa mdomoni.

"Mwanangu, miye sitaki jino mupya," alisema. "Nataka ile yangu. Batu banaangalia kinywa, habaniangalie mu macho."

Meno yake yalikuwa na mistari ya kahawia na madoa meupe, alama za maji yenye floraidi nyingi aliyokunywa utotoni. Bénédicte aliondoa ile chaki, akajaza upya, akafungua vichupa vya rangi: kahawia, njano, nyeupe. Alilinganisha, akachora mstari, akamulika taa ya bluu mpaka kijazio kikawa kigumu. Kisha akamwambia mama asukutue.

Meno yaliyolowa yalirudia rangi yake nzito, na kipande alichojaza kikabaki kimepauka. Alijua vizuri kwamba jino likikaa kavu hupauka, na rangi lazima ichaguliwe kabla halijakauka. Woga ulimsahaulisha.

Daktari Kabera alichungulia mlangoni. "Bado? Watu iko mingi nje." Akatazama kutoka pale aliposimama. "Iko sawa. Mwache aende."

Mama alikuwa hajapewa kioo. Bénédicte angeweza kunyamaza.

"Haiko sawa, daktari. Mama, nimekosea rangi. Nataka kuitoa nianze tena."

"Ukitoa vibaya, mashine inakula jino lake zima," daktari alisema. Safari hii aliingia ndani, akasimama nyuma yake.

Mukarukundo alishika mikono ya kiti. "Toa, mwanangu."

Mashine ililia. Bénédicte alisaga kidogo kidogo, jasho likimtiririka mgongoni, akiizima kila alipokaribia jino lenyewe. Alipomaliza hakulijaza papo hapo. Alingoja mate yalirudishie rangi, dakika ishirini nzima, huku mtu akikohoa kwa hasira kwenye chumba cha kungojea. Alizima taa ya kiti, akamgeuza mama kuelekea dirishani, akachora karatasini kila mstari wa jino la jirani.

Sasa alijaza upya, akachanganya kahawia na tone la njano. Tone la kwanza lilizidi, akalipangusa. La pili alilivuta kwa ncha nyembamba kama unywele. Akaongeza wingu jeupe karibu na ncha ya jino, akafunika yote kwa tabaka linalopitisha mwanga, akamulika.

"Sukutua, mama."

Mukarukundo alipokea kioo, akainua mdomo wa juu.

"Umeweka hata kale kadoa keupe," mama alisema, akiweka kidole juu yake. Machozi yalimtoka, na hakuufunika mdomo.

Daktari Kabera aliinama, akatazama kwa karibu, akatoka. Kesho yake asubuhi mwanamume kutoka Endiinzi, aliyepigwa teke na ng'ombe, aliletwa, kwa agizo la daktari, moja kwa moja kwenye kiti cha Bénédicte. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yamevunjika.