Dole Gumba la Baba

Baba yangu alijalidi tasnifu za watu kwa miaka thelathini na mmoja katika karakana ya chuo kikuu. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Wakati gundi inakauka, alisoma. Kwa hiyo alijua kidogo kuhusu figo na kidogo kuhusu saruji, na alituchosha na vyote viwili kila tulipokaa kula.

Alipostaafu alijaza fomu: siku akifa, akiba yake yote ya uzeeni iende chuoni, isomeshe watoto wa wafagizi, walinzi na mafundi. Watoto wa wenzake. Sisi wa kuzaa mwenyewe, patupu. Sijifanyi mtakatifu, nilikasirika hadi nikaacha kumsalimia.

Kaka yangu, tuliyemwita Ngumi tangu utotoni, hakuwa mtu wa kununa. Alitafuta fomu mpya, akajaza majina yetu sisi wawili. Ilibaki alama ya dole gumba la kulia tu, maana mfuko wa pensheni haukubali saini.

Tulimkuta Baba chumba cha uani, anakata ngozi ya jalada.

"Baba, weka dole hapa, yaishe."

"Yalishaisha, mwanangu. Nipishe, nina kazi."

Ngumi akapandwa na mori. Alimkaba shingo, akambamiza ukutani, makopo ya gundi yakaporomoka. Baba akampiga kichwa cha pua, mzee wa miaka sitini na sita! Kaka alipoiona damu yake hakuwa na simile tena. Alimshindilia ngumi za mbavu mpaka nikasikia mfupa ukilia, akamlaza kifudifudi mezani na kuukandamiza mkono wake wa kulia.

"Lete wino!"

Nikaleta. Niliishika ile pedi kwa mkono wangu, tena nikamwambia, "Jamani Baba, si uweke tu?"

Kosa letu ni kumlaza juu ya meza yake mwenyewe. Mkono wa kushoto haukuhitaji macho kujua kisu kilipo. Nilidhani atamchoma kaka. Kaka naye alidhani hivyo, akamwachia na kuruka nyuma. Baba akalitandaza dole gumba lake la kulia juu ya ubao, akaikata nyama yote ya ncha hadi kwenye mfupa, kwa mkato mmoja.

"Haya," akasema, anahema. "Pigeni muhuri."

Ngumi alitapika mlangoni, akaondoka. Mimi nilikifunga kidonda kwa kitambaa cha kujalidia. Baba hakunitukana. Aliuliza tu kama gundi imemwagika yote. Afadhali angenizaba kofi.

Ni mwaka wa saba tangu afe. Kila mwaka chuo huniita nimpe mkono mwanafunzi mpya anayesomeshwa na akiba yake. Safari hii alikuwa binti wa mfagizi wa karakana ileile. Aliupokea mkono wangu kwa mikono yake miwili, machozi yanamtoka.

"Mlibahatika, mama, kulelewa na baba kama yule."

Mkono alioushika ndio ulioleta wino.