Siku Niliyomruka Shangazi

Tangu nikiwa darasa la tatu, utoto wangu wote niliuishi nikiamini kwamba mimi ndiye niliyemlemaza shangazi yangu. Sikumwambia mtu. Leo nina miaka arobaini kasoro miwili, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ifakara, na hii ndiyo mara ya kwanza ninaiandika sentensi hiyo.

Tulikuwa tukiishi kijijini, upande wa Mngeta, kwenye nyumba ya bibi mzaa baba. Baba alifariki nikiwa mdogo mno. Ninachokumbuka kwake ni viatu vyeusi vilivyobaki uvunguni mwa kitanda, vimelika vibaya mbele kwenye vidole, wakati visigino vyake vilikuwa kama vipya. Mama alikuwa mjini akiuza samaki sokoni. Kwa hiyo mtu niliyekula naye na kulala naye, aliyenisuka nywele na kunifundisha kupepeta mchele, alikuwa shangazi Felista, dada mdogo wa baba. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mcheshi, mwenye sauti iliyosikika juu ya kwaya nzima kanisani.

Bibi alikuwa na miiko mingi, na mmoja aliushika kuliko yote: usimruke mtu aliyenyoosha miguu. Ukimruka kwa bahati mbaya, geuka hapohapo umruke tena kurudi ulikotoka, ili umfungue. Wenzangu shuleni walisema aliyerukwa harefuki, basi. Kwa bibi jambo lilikuwa zito zaidi. Alisema usiporudi, miguu ya yule mtu umeifunga.

Siku hiyo ilikuwa alasiri. Shangazi alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, ungo mapajani, anachambua mchele, miguu kainyoosha kutoka upande huu wa mlango hadi ule. Nje mwuza barafu alikuwa anapita na baiskeli yake akipuliza honi. Nilikuwa nimeshika sarafu yangu, nikatoka mbio chumbani, nikamruka shangazi kama mbuzi na kutokomea.

“Yusta! Rudi umruke!” bibi alipaza sauti kutoka jikoni.

“Nakuja, bibi!”

“Nimesema rudi sasa hivi!”

“Mwache mtoto, mama,” shangazi alisema huku akicheka. “Barafu yake itayeyuka.”

Niliporudi, midomo ikiwa imepakwa rangi nyekundu ya barafu, mkeka ulikuwa umekunjwa na shangazi alikuwa kisimani.

Masika ya mwaka huohuo tulikuwa tunarudi kutoka kwenye majaruba ya mpunga, mimi nyuma, yeye mbele na jembe begani. Ndala yake moja ikabaki njiani. Haikunaswa na tope, maana pale palikuwa pakavu. Ilichomoka tu mguuni, naye akaendelea kutembea kama hatua ishirini na mguu mtupu bila kujua, mpaka nilipomwita. Akageuka, akautazama ule mguu kama anautazama mguu wa mtu mwingine.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, au labda mimi ndiye nilianza kuyaona. Vidole vyake vilijikwaa pasipo na kitu. Alianza kunyanyua magoti juu sana akitembea, kama mtu anayevuka maji. Alianguka na ndoo kisimani, akaanguka tena kanisani mbele za watu akielekea kwaya. Jioni moja kaa la moto lilimdondokea juu ya mguu, na mimi ndiye niliyelisikia likichoma, kwa pua yangu, kabla yake. Mama Kulwa, jirani yetu Msukuma, alimletea fimbo ya kuchungia ng'ombe ili aegemee. Bibi aliposema fimbo ni ya wazee, shangazi aliichukua hivyohivyo.

“Mimi nilisema,” bibi alinong'ona siku hiyo akichochea moto. Hakunitazama. Ingekuwa afadhali kama angenitazama.

Akaitwa mganga. Alimchanja shangazi magotini na kwenye vifundo, akapaka dawa nyeusi. Wembe ulipogusa magoti shangazi aliuma meno. Ulipogusa vifundo hakustuka hata kidogo, akawa anaangalia nje. Kisha yule mganga akakusanya vitu vyake na kusema, “Mkono uliomfunga huyu binti si wa mbali. Umo humuhumu ndani.”

Ndani tulikuwa watatu.

Wakati huo shangazi alikuwa ameshachumbiwa na kijana mmoja wa Malinyi. Wajomba wa kijana huyo walikuja kumwona shangazi, wakakaribishwa viti, na shangazi akatoka na sinia la maji ya kunywa. Alijitahidi sana asinyanyue magoti. Katikati ya uwanja ndala ikabaki, naye akafika mbele za wageni na mguu mmoja mtupu, anatabasamu. Wale wazee walikunywa maji, wakashukuru, wakaondoka. Hawakurudi. Sikuwa na umri wa kujua mahari wala ndoa ni nini hasa, ila nilijua kuhesabu: miguu, na sasa mume. Vyote nilivichukua mimi, kwa sababu ya barafu.

Nikaamua kumfungua. Nilisubiri mchana mmoja, bibi akiwa ameenda msibani, shangazi amelala kwenye mkeka chini, miguu kainyoosha. Ilikuwa imekonda kuanzia chini ya goti, na vidole vimejikunja kama vinashika kitu. Nikamruka kurudi upande niliotoka siku ile. Kisha nikaingiwa na wasiwasi kwamba mara moja haitoshi, maana zilikuwa zimepita siku nyingi. Nikamruka tena, na tena, nikipitia nyuma ya kichwa chake kila mara ili nirukie upande uleule. Sijui ilikuwa mara ya ngapi alipofumbua macho.

“Unafanya nini, Yusta?”

Nilifungua mdomo niseme. Nikasema, “Nacheza.”

Halafu akavuta kanga, akaifunika miguu yake yote mpaka kwenye kucha, akageukia ukutani.

Niliielewa ile kanga. Niliona kwamba amedhani namdhihaki, kama watoto wengine waliomfuata njiani wakinyanyua magoti nyuma yake. Na kumwambia ukweli kulikuwa kubaya zaidi ya hapo. Mwaka uliofuata mama alinichukua nikasome mjini, nami niliondoka kama mtu anayetoroka. Shule zilipofungwa nilisema naumwa. Zilipofungwa tena nilisema kuna masomo ya ziada. Bibi alipofariki nilienda kuzika, nikapeana mkono na shangazi kati ya watu wengi, nikarudi na gari la jioni. Nilikuwa mtu mzima wakati huo, nimesoma, nawafundisha watoto wa wenzangu sayansi. Lakini lile la miguu lilikuwa limekaa mahali ambapo masomo hayakufika.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa natoka ubaoni kuelekea dirishani, mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. “Mwalimu,” akasema, “kiatu chako kimebaki.”

Nilitazama chini. Watoto walicheka. Wazo langu la kwanza, nakiri, halikuwa hospitali. Nilisema moyoni: imenirudia.

Nilijificha karibu mwaka mzima. Naishi peke yangu mtaa wa Mlabani, chumba na sebule, na kujificha si kazi ngumu kwa mtu asiye na wa kumtazama. Niliacha kutembea giza likiingia, kwa sababu bila macho sikujua mguu umetua wapi. Niliondoa zulia. Nilijifunza kuoga nimekaa. Ofisini walimu wenzangu walianza kuulizana kwa sauti ya chini nimekanyaga uchawi gani. Mwishowe nilianguka kwenye ngazi za benki, nikavunjika mkono, na daktari aliyekuja kuutazama mkono akasahau mkono akaanza kuitazama miguu.

Alinigonga magoti, akanichoma-choma nyayo na kijiti, akanituma kupimwa kwenye hospitali kubwa. Majibu yalisema mishipa ya fahamu ya miguu inakufa taratibu, na misuli isiyopata habari kutoka kwenye mishipa inalegea. Alisema ugonjwa wangu ni wa aina ya kurithi.

“Kwenu yuko mwingine?” aliuliza. “Baba, labda?”

Nikaviona vile viatu uvunguni mwa kitanda, vimelika mbele.

Nilitengenezewa vifaa viwili vya plastiki nyepesi. Vinakaa ndani ya kiatu, vinapanda nyuma ya mguu mpaka chini ya goti, na vinafungwa kwa mkanda, ili ncha ya mguu isining'inie. Fundi alinielekeza nivae soksi ndefu, ninunue viatu vikubwa kidogo, nianze kwa saa moja kwa siku, na kila jioni nizikague nyayo kwa kioo, kwa sababu jeraha nisilolisikia litanimaliza kabla ya udhaifu wenyewe. Siku ya kwanza nilitembea kwenye korido yake, vidole havikugusa chini hata mara moja. Akapiga makofi. Mama alishafariki, sikuwa na mtu wa kumpigia simu.

Hapo ndipo nilipokwenda Mngeta.

Nilimkuta shangazi amekaa barazani anasuka ukili wa mkeka, magongo mawili yameegemezwa ukutani. Nywele nyeupe tupu.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba.” Alinikazia macho, kisha akaangalia jinsi ninavyokuja. “Yusta. Na wewe?”

“Na mimi, shangazi.”

“Keti, mwanangu.”

Nilimweleza alichosema daktari. Hakushangaa. Alisema babu, ambaye mimi sikumwona, alimalizia maisha yake akitambaa, na kaka yake, yaani baba yangu, alikuwa akijikwaa na kulaumu barabara. Yeye mwenyewe alianza kuanguka akiwa na miaka kumi na minne. “Nilikuwa najificha. Ningesema, nani angenioa? Wale wa Malinyi walikuja tayari wameshasikia habari za babu yako.”

Miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa sijaanza hata kutembea. Nikaanza kulia, nikamwambia yote: mlango, barafu, bibi akiita, mganga, ule mchana nilipomruka nikimfungua.

Alisikiliza, mikono imeacha ukili. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha kwaya.

“Uliniruka? Mtoto wewe! Siku zile hata kuku walikuwa wananiruka.” Alijifuta macho. “Sikumbuki kabisa.”

“Ulifunika miguu na kanga.”

“Nilikuwa naifunika kila siku. Kwani miguu yako wewe haiijui baridi?”

Inaijua. Hata Novemba, kwenye joto, naiweka ndani ya soksi. Nilicheka naye, lakini nilimwona anaacha kucheka kabla yangu.

“Kwa hiyo ndiyo maana hukuja?” aliuliza. “Mimi nilijua unanionea aibu.”

Hofu ile niliirithi kwa bibi, kama nilivyorithi miguu kwa baba, na sikumlaumu bibi. Alikuwa anatafuta sababu ya jambo lililowapata mume wake na watoto wake wawili. Lakini kuondoka, na kubaki huko nilikoondokea miaka yote, hilo sikurithi kwa mtu. Kumruka shangazi hakukumfanya kitu. Kutomrudia kulimfanya akae peke yake kwenye ile baraza akijiona ni aibu ya mtoto aliyemlea, na mimi mjini nikijiona ni mchawi wake, na baina yetu palikuwa na mwendo wa saa chache tu wa gari.

Vifaa kama vyangu havimfai tena, vifundo vyake vimeshakauka. Fundi alimshonea viatu vya kupanda juu, anavivaa kwenda kanisani. Huwa nakwenda. Tunakaa, tunakaguana nyayo. Miaka iliyopita haina pa kuanzia kuisimulia.

Mwezi uliopita aliniambia kwamba enzi zile, kila siku ya kufunga shule, alipika wali wa watu wawili na kuuacha umefunikwa mpaka jua lizame. Hakusema kwa kulaumu. Aliokota ukili wake, akaniuliza mwaka huu shule tunafunga lini.