Utosini Hadi Unyayoni

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Kazini, mtaani, hata kwa wakwe, aliitwa Ngoja Kwanza, na jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Ungemkuta langoni, begi begani, teksi inanguruma, naye anainua kidole: "Ngoja kwanza." Anaacha begi langoni, anarudi ndani. Anagusa bomba, anagusa jiko, anavuta mlango wa kabati, anatoka. Akishaketi kwenye gari anaanza kujipapasa mwilini, na hapo dereva aliyemzoea huzima injini, maana anajua safari bado.

Alikuwa fundi wa miguu ya bandia, na tusimwonee, kazi aliijua. Wapo mafundi wanaokupa mguu ukatembea kama umekanyaga kaa la moto. Wa kwake ulikaa. Karakana yao ilikuwa nyuma ya hospitali, chumba kirefu kinachonuka plasta na gundi, mapaja ya plastiki yametundikwa ukutani. Kila mara alibeba kasha kwenda zahanati za mbali, kuwavisha watu miguu aliyokwisha kuwapimia.

Safari hizo ndizo zilizomtesa. Watu walimcheka wakidhani ni wasiwasi tu wa kuzaliwa nao, lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Baba yake, karani wa stesheni ya reli, mtu wa saa na mihuri, alianza kwa kusahau kofia kwa kinyozi. Watu wakacheka. Akasahau mwavuli, akasahau funguo, akasahau begi zima kwenye benchi la posta. Watu wakazidi kucheka, mpaka siku aliposahau njia ya kurudi nyumbani. Mwishowe mwanawe huyu alikwenda kumjulia hali, akabisha hodi, na mzee akamkaribisha kwa adabu zote: "Karibu, bwana. Wewe ni mgeni wa nani?" Alikaa kama mgeni, akanywa maji kama mgeni, akaaga. Barabarani ndipo alipolia.

Tangu siku hiyo leso ikikosekana mfukoni, aliigeuza nyumba juu chini. Leso haikuwa na thamani yoyote. Alichoogopa ni kwamba zamu yake imefika. Na hofu hiyo hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema kila siku, lakini nionyeshe mtu anayekimbilia kuumbuliwa mapema.

Walipomaliza matanga ya baba yake, akajitungia njia. Orodha za karatasi alizidharau, kwa kuwa karatasi nayo ni kitu cha kusahaulika. Yeye alifungasha kwa mwili, kama anavyofanya kazi yake. Alisimama mbele ya kitanda, akaweka mkono utosini: kofia, kitana. Macho, miwani. Sikio, simu na chaja yake. Meno, mswaki. Akashuka hivyo hivyo, shingo, kifua, kiuno, hadi unyayoni, soksi na ndara. Kasha la kazi nalo alilifungasha vivyo hivyo, paja kwanza, halafu goti, muundi, unyayo. Siku ya kurudi alisimama mlangoni mwa chumba cha wageni, uso ukitazama ndani, akajipapasa tena kutoka juu hadi chini kabla ya kurudisha ufunguo. Wahudumu walimchungulia wakidhani anasali kwa dini wasiyoijua.

Na njia ilifanya kazi! Miaka nenda miaka rudi, hakusahau hata sindano. Akawa na maringo. Mwenzake wa karakana, yule mpiga plasta, alipoacha koti kwenye basi, Ngoja Kwanza alimhubiria hadi saa ya chakula: "Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi zangu nazipapasa." Mpiga plasta, ambaye mara nyingine alikuja stendi kumbebea kasha hadi kwenye basi, akaendelea kukoroga plasta yake. Kwa nje ulikuwa utani. Kwa ndani, kila safari iliyoisha salama ilimwambia kwamba yeye si baba yake, na maneno hayo hakuchoka kuyasikia.

Basi binti yao akajifungua, na mkewe akaenda kumlea mzazi na kichanga chake. Huku nyuma ikaja safari. Fundi cherehani mmoja mwanamke, aliyekatwa mguu chini ya goti, alikuwa anangoja kuvishwa wa kwake. Ngoja Kwanza akajifungashia peke yake. Pale karakana, mkono ukiwa kwenye muundi, simu ililia; muuguzi wa zahanati alitaka kujua atafika lini. Akamjibu, akasogeza vitu, akafunga kasha. Asubuhi akafika langoni, akasema ngoja kwanza, akarudi, akagusa bomba, akagusa jiko. Hakuna aliyebaki langoni kumlindia begi. Nyumba ilimkera kwa ukimya wake.

Ndani ya basi hakutulia. Alivua kofia, akaivaa. Alisimama kulitazama begi, akaketi, akasimama tena, mpaka abiria wa pembeni akamwuliza kama amekalia kitu. Alijipapasa utosini hadi unyayoni na kila kiungo kilimjibu kwamba mambo ni sawa. Lakini roho ilikuwa mkononi njia nzima, na alipojaribu kusinzia alimwona baba yake akimsogezea kiti.

Fundi cherehani alikuwa amekwisha kuketi kwenye chumba cha mazoezi, sketi imekunjwa, uso unameremeta. Mashine yake ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, na tangu ajali ilikuwa imefunikwa shuka, wateja wakihamia kwa jirani mmoja mmoja. Ngoja Kwanza akafungua kasha. Akatoa lile bakuli la plastiki la kuingizia kigutu, akatoa mkanda, akatoa muundi, bomba la chuma linalong'aa. Akaingiza mkono tena. Akapapasa pembe zote. Akaligeuza kasha juu chini, ikaanguka skrubu moja.

Fundi cherehani akautazama ule mguu usio na unyayo. "Fundi," akasema, "mimi niliomba mguu wa mtu. Huu si wa meza?"

Muuguzi akaangua kicheko, na yule mama naye akacheka, maana alikuwa mtu wa mzaha. Kisha akaona uso wa Ngoja Kwanza. "Jamani, nakutania. Kaa chini. Kaa, utaanguka, halafu tutakuwa wawili."

Akakaa. Alitaka kutafuta namba ya mpiga plasta, akapeleka mkono mfuko wa shati kutoa miwani, akaukuta mtupu. Muuguzi ndiye aliyemsomea namba. Mpiga plasta akajibu kwamba ndiyo, unyayo anauona, umesimama mezani na kiatu chake, na atautuma kwa basi la kwanza kesho.

"Kesho si mwaka," akasema fundi cherehani. "Nimengoja yote hayo, nitashindwa usiku mmoja?" Neno lile lilikuwa la huruma, na lilimchoma kuliko kama angemtukana.

Alikwenda nyumba ya wageni jua bado kali. Akamwaga begi kitandani. Miwani hakuna. Chaja hakuna. Mswaki hakuna. Ndara zilikuwepo mbili, zote za kushoto, moja ya mkewe. Akasimama kati ya chumba, akaweka mkono utosini aanze upya, na mkono ukabaki hapo hapo, kwa sababu simu ilimkatiza kwenye kasha tu, na begi hili alilifungasha nyumbani bila kukatizwa na mtu. Kwa hiyo ni kichwa chenyewe. Alizunguka kitanda, akafungua dirisha, akalifunga, akaomba chaja mapokezi, akampigia mkewe.

"Mama watoto."

"Abee. Umefika salama?"

"Nimefika. Sikiliza. Nadhani imeanza."

"Imeanza nini?"

"Ile ya baba."

Ilikuwa mara ya kwanza kuitoa kinywani. Akamweleza yote, unyayo, miwani, chaja, mswaki, ndara, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi dhidi ya nafsi yake. Halafu akasikia mkewe anacheka, kile kicheko cha kubanwa puani.

"Unacheka?"

"Nisamehe, baba watoto. Ni huo mswaki. Wewe hujawahi kufungasha mswaki. Hata siku moja."

"Nafungasha kila safari!"

"Unagusa meno, unasema mswaki, unaendelea. Mswaki unabaki bafuni. Ukifika langoni unasema ngoja kwanza, unarudi kugusa jiko, na mimi huku naingiza begini mswaki, miwani, chochote kilichobaki. Unadhani kwa nini sikuwahi kukukataza kurudi?"

Akakaa kitandani, juu ya ndara. "Na kasha la kazi?"

"Unalileta nyumbani jioni. Nalifungua ukiwa unaoga. Pakipungua kitu nampigia mwenzako wa plasta, anakileta stendi. Wewe unafikiri yule bwana anapenda tu kukubebea kasha?"

"Kwa hiyo mnanizunguka." Damu ilimpanda. "Mimi najisifu mbele za watu, ninyi mnanitazama kama mtoto anayevaa shati nyuma mbele! Na nyumba za wageni? Huko nako unanifuata?"

"Wenye nyumba za wageni wana namba yangu. Na lile koti la kijivu nililokuambia limekawia kwa dobi, uliliacha kwenye basi."

Angekata simu. Alitaka kukata. Lakini kulikuwa na swali moja, na sauti yake ilishuka alipoliuliza, akijua kwamba jibu lake ndilo litakaloamua kama hii ni ile ya baba.

"Tangu lini?"

"Tangu tuoane."

"Usinidanganye."

"Tangu tuoane, nakwambia. Baba yako alikuwa bado yuko kazini, akili zake kama wembe. Umesahau siku ulipokuja kwetu kujitambulisha? Ukaondoka ukaacha koti. Ukarudia koti, ukaacha kofia. Mama akasema kijana huyu kazama, anatafuta visingizio vya kurudi."

Aliikumbuka siku ile. Alimkumbuka mama mkwe akijifunika kanga mdomoni, wajomba wakipigana viwiko. Kwa miaka yote aliwaacha waamini ni mapenzi, na mapenzi yalikuwepo, lakini koti lilisahaulika tu, na kofia vilevile.

"Nilidhani hukujua," akasema.

"Mimi ndiye niliyeolewa nawe, nisijue? Wewe ni msahaulifu wa kuzaliwa, mume wangu. Ni hivyo tu. Nilinyamaza kwa sababu ile papasa yako ilikupa usingizi. Nikaona, kama inakulaza, mswaki nitauweka mimi."

Hapo akacheka, kicheko kibaya kilichochanganyika na kilio, na mhudumu aliyekuwa akipita koridoni akapunguza mwendo. Alihisi mabega yakishuka. Hayakushuka yote. Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Kwani mtu msahaulifu tangu ujana, ugonjwa ukimjia kweli, atautambuaje? Utaingia kama mtu wa nyumbani, bila hodi.

"Ikija kweli," akasema, "utaniambia?"

Huko kichanga kililia, kikabembelezwa, kikanyamaza.

"Nitakuambia."

"Hutaingiza mswaki kimya kimya ukaniacha najisifu?"

"Nitakuambia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote."

Akaegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha. "Na nikisahau kwamba umeniambia?"

"Basi nitakuambia tena," mkewe akasema.